Dada, nimemaliza vitabu vya Mama

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na huku nyumbani wote wazima ila joto. Natumai nawe huko Mombasa hujambo, pamoja na shemeji na watoto. Barua hii nimeianza mara tatu kwenye simu nikaifuta, kwa sababu kila nikilikaribia jambo lenyewe vidole vinakuwa vizito. Salamu zangu za Idi hukuzijibu. Kwenye kundi la ukoo tunapishana kama wapangaji wa nyumba moja wasioelewana, wewe ukiandika "Amin" na mimi naandika "Amin" chini yako. Basi nimeamua kuiweka hapa, waziwazi, mahali ambapo najua binti yetu hupita kusoma, naye atakwambia.

Kaskazi hii nilikuwa Tanga. Shule zilipofungwa Desemba nilishuka na mkoba mmoja. Nia yangu ilikuwa nikae wiki, nitafute fundi wa bati, nizungumze na mpangaji wa chumba cha mbele, nirudi zangu. Nikakaa hadi Januari. Bati lilizibwa kwa siku mbili. Kilichoniweka ni lile kasha la Mama la chini ya kitanda. Siku ya arobaini ulisema utachagua vya maana uende navyo, vilivyobaki vitupwe. Hukuchagua. Uliondoka na basi la asubuhi bila kuniaga, na kasha likabaki pale pale na vumbi lake.

Nimevisoma vyote, Dada. Vitabu 31. Asubuhi nikifagia uani natandika ule mkeka chini ya mwembe, nasoma mpaka jua linanifuata; likinifikia nahamia barazani, na usiku chini ya feni mpaka umeme ukatike. Maembe yalikuwa yanaanguka usiku kucha bila mtu wa kuyaokota. Nimesoma kama ambavyo sijasoma tangu nilipoolewa.

Ngoja nikueleze kilichomo, maana wewe hukulifungua. Shaaban Robert vitatu. Cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi, kimoja, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, lakini Mama alikijua kwa moyo na alikuwa akituigizia anavyojaza kiko. *Rosa Mistika*. *Utengano*, chako wewe, kina jina lako kwa wino wa kijani. *Vuta N'kuvute*, niliyomnunulia mimi. Vilivyobaki ni vile vyembamba, vya mapenzi, vya karatasi inayogeuka njano ndani ya mwaka mmoja, vile alivyokuwa akinunua kwa yule kijana wa stendi kila akienda kumwona shangazi. Vyote amevivalisha karatasi ya kaki. Shaaban Robert na wale wa stendi wamevaa nguo moja, hata ukilifungua kasha hujui nani ni nani mpaka umfunue.

Nikaanza na *Kusadikika*, kwa sababu ndicho ulichonifundishia. Unaujua ukuta ninaousema. Miaka ile madaftari hayapatikani, sabuni haipatikani, ukawa unaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko na Mama anakuapiza, halafu anakuja naye kusoma ulichoandika. Ulinisomesha "Karama" kabla sijajua kuandika jina langu. Nilikuwa sijakirudia kitabu kile tangu shule, na nilikuwa nimesahau jinsi kilivyo na moyo. Kilitoka 1951, nchi bado ya kutawaliwa, naye Shaaban Robert anaandika juu ya nchi inayoelea angani ambako mtu anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Majivuno anamshtaki Karama mbele ya mfalme, na Karama anapewa nafasi ya kujitetea. Siku sita anasimama barazani. Kila siku anaeleza habari za mjumbe mmoja, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini, waliotumwa nje wakarudi na heri na shukrani yao ikawa kifungo.

Siku sita, Dada. Mtu anayeshtakiwa kwa roho yake alisikilizwa siku sita. Mimi siku ile hukunipa nafasi hata ya kukifunga kitabu kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini nisiruke.

Mama ana alama zake za penseli. Je, ulikuwa unajua? Mimi sikujua mpaka kaskazi hii. Pembeni mwa kurasa, kwa zile herufi zake za ngumbaro, kila moja imesimama peke yake kama ufito wa ua. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ila Mama aliingia darasani miaka kadhaa baadaye, mimi nikiwa mgongoni, na wewe ndiye uliyekuwa unamsindikiza na kumshikia taa wakati wa kurudi. Alikuwa na haya, mwanamke mzima kukaa kwenye madawati ya watoto wake. Wewe ndiye uliyemwambia aendelee. Hilo sitakunyang'anya hata siku moja. Kama si wewe, Mama asingejua kusoma, na mimi nisingejua kwa namna niliyojua, nikiwa na miaka minne, kwa mkaa.

Sasa sikiliza. Kwenye *Kusadikika* penseli yake inaishia kurasa za mwanzo. Nadhani kilimshinda akakistahi akakifunga. Lakini kwenye *Rosa Mistika* ameandika kila mahali. Pale Zakaria anapojua kwamba bintiye ameandikiwa barua na Charles, akampiga, pembeni Mama ameandika neno moja: *maskini*. Kubwa, limekaza mpaka karatasi imebonyea upande wa pili.

Na katika kimoja cha vile vyembamba, ambacho hutakijua na hata ningekutajia jina lisingekusaidia, kuna msichana aliyeachwa. Anakunja shati la yule mwanamume. Analikunjua. Analikunja tena, mara tatu, na mwandishi hasemi kingine, anakwenda aya nyingine. Pembeni: *maskini*. Neno lile lile, penseli ile ile, mkazo ule ule. Mama hakuwa na kabati mbili. Aliyelia kwa ajili ya Rosa wa Ukerewe ndiye aliyelia kwa ajili ya msichana wa kitabu cha stendi, na sidhani kuna mhakiki wa kumwambia alikosea machozi.

Sitakudanganya kwamba vile vyembamba vyote ni vizuri. Vingi vimeandikwa haraka, makosa ya chapa kila ukurasa, tajiri mwenye gari anatokea panapohitajika. Kuna ambavyo nilivimaliza kati ya adhuhuri na alasiri, na kufikia magharibi sikumbuki hata jina la bwana harusi. Wewe ni mwalimu wa fasihi, ungevichambua ukavimaliza kwa sentensi mbili na ungekuwa na haki. Lakini lile shati nimelala nalo wiki nzima.

Na hivi vikubwa unavyoviapia, Dada, vimejaa nini? *Vuta N'kuvute* nilikisoma usiku tatu mfululizo. Yasmin anaozeshwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, anakimbia, wa kwao wanamfukuza, anapokewa na Mwajuma asiye na kitu ila chumba na moyo, halafu anampenda Denge ambaye hana nafasi ya kupenda kwa sababu Wazungu wanamwinda. Kiondolee siasa, ni kitabu cha mapenzi. Kiondolee mapenzi, hakisimami. Kezilahabi naye alipoitoa *Rosa Mistika* 1971 waliona ni uchafu, ikapigwa marufuku mashuleni. Leo wanafunzi wa vyuo wanaandikia tasnifu. Na Shaaban Robert mwenyewe, yule uliyenipeleka Machui kuona kaburi lake, tukatembea mpaka viatu vyangu vikakatika ukanibeba, si ndiye aliyefiwa na Amina akamlilia kwa shairi ambalo kila mtoto wa shule analijua? Si ndiye aliyeandika kitabu kizima juu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtu ambaye mabwana wa siku zake walimwona si lolote mpaka sauti yake iliporekodiwa Bombay mwaka 1928? Alimwona ni mtu wa kuandikiwa wasifu. Hakumwita takataka.

Neno hilo ni lako. Nimekuwa nalizungukazunguka kurasa zote hizi.

Ilikuwa alasiri. Feni ilikuwa inalia ile sauti yake. Nilikuwa nimemaliza kumkanda Mama miguu kwa mafuta ya karafuu na mikono yangu bado ina mafuta, ndiyo maana kitabu kile mpaka leo kina alama za vidole vyangu kwenye jalada la kaki. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na wale majirani wawili waliokuja kumwangalia mgonjwa walikuwa kwenye mkeka. Walikuwa wanasikiliza wote. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba; tangu asubuhi alikuwa ananiuliza habari za kijana wa kitabuni, "Yule kijana karudi?" na mimi namwambia bado, tutafika. Alinikataza nisitangulie kusoma peke yangu. "Usiniache nyuma," akasema. Nikatii. Tulikuwa tumebakiza kurasa kama thelathini.

Ukaingia na buibui lako la safari, na vumbi la mpakani Horohoro bado miguuni. Hukutoa salamu, wewe uliyenifundisha kwamba mtu haingii hata kwenye banda la kuku bila salamu. Ukakitwaa kitabu mikononi mwangu. Ule ukili tuliokuwa tunatilia alama ukaanguka. Ukatazama jalada, ukafunua karatasi ya kaki kwa ukucha ukaona picha, na ukasema mbele ya watu wote, "Mtu yuko katika hali hii unamsomea mapenzi? Nilikufundisha kusoma ili uje usome takataka hizi?"

Mama akasema, "Tufike mwisho wa sura tu." Nilimsikia. Shangazi alimsikia. Nawe ulimsikia, maana ulimjibu, "Pumzika, Mama."

Akageukia ukutani.

Najua utasema nini. Utasema wakati ule palitakiwa Kurani. Dada, Yasini nilimsomea kila alfajiri kwa siku 40 na kitu, wewe ukiwa Mombasa unasahihisha mitihani. Sikulaumu kwa kuwa mbali. Ndoa yako iko huko, kazi yako iko huko, na pesa za dawa ulikuwa unatuma wewe, kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, na nilikuwa nikimwambia Mama, "Hizi za Dada," naye anaziweka chini ya mto kwanza kabla ya kunipa nikanunue dawa. Lakini usinifanye mimi niliyemnyima. Alfajiri ilikuwa ya Mola wake na alasiri ilikuwa yake mwenyewe. Mwanamke aliyejifungua watoto sita na kuzika wawili, aliyesuka ukili mpaka vidole vikapinda, ana haki ya alasiri moja.

Akafa siku ya nne. Yule kijana hakumwona akirudi.

Nataka kukwambia jambo kuhusu binti yetu, halafu nitamaliza. Ameniandikia. Si kunishitakia, usimkasirikie. Ameniuliza kama ni kweli kwamba kusoma hadithi za mapenzi kunaharibu akili ya mtihani. Nimejua kwamba umemchukulia simu kwa sababu ya zile hadithi zinazotumwa sehemu kwa sehemu, zinazoishia "itaendelea" pale pale roho inapokuwa mkononi. Umri wake ndio huo. Mpe simu yake baada ya kazi za shule, mpe na *Utengano* chako chenye wino wa kijani, nitakuletea. Mwache vyote viwili vikae kwenye meza moja. Wewe umesimama miaka mingapi mbele ya darasa unawaeleza watoto wa watu jinsi Bwana Maksuudi alivyomfungia Maimuna ndani na kilichomfika Maimuna alipotoka? Unakifundisha kitabu kile vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilikuja siku moja nikakusikiliza nimesimama dirishani, hukuniona. Wanafunzi walikuwa kimya kabisa.

Mtoto akisoma kitu kwa hamu, hata kama ni kibaya, amekaa kitako amefungua macho. Ukimpokonya hajifunzi kuchagua kizuri, anajifunza kujificha. Mimi nilijifunza kujificha. Tangu siku ile mpaka kaskazi hii sikuwa nimesoma kitabu mbele ya mtu. Nilikuwa nasoma chooni, Dada, mtu mzima mwenye wajukuu wa kaka yake. Kila nikishika kitabu nilikuwa nasikia lile neno lako. Kwa hiyo naposema mwache asome, sisemi kwa ajili yake peke yake, na usinijibu kwamba nayachanganya. Yamechanganyika yenyewe.

Na kwa kuwa nimesema yote, niseme na hili ambalo sijamwambia mtu.

Usiku wa mwisho ulikuwa umelala, umechoka na safari na kulia. Mimi nilikuwa macho naye. Alifumbua macho kama saa nane, akanitazama, na midomo yake ikafanya kama mtu anayeuliza. Kitabu kilikuwa juu ya kabati ulipokiweka. Ningesimama tu ningekifikia. Ningemsomea kwa sauti ya chini, usingeamka. Au ningetunga, ningesema, "Karudi, Mama, na amemkuta anamngoja." Sikufanya. Nilikuwa nimekukasirikia kiasi kwamba nilitaka kitabu kibaki pale juu, kisisomwe, ili liwe kosa lako. Nikamlowesha midomo kwa maji nikamwambia alale. Nimejiambia mara nyingi kwamba pengine alikuwa anaomba maji. Huenda. Lakini namjua Mama alivyokuwa anauliza maji, na haikuwa vile.

Kitabu kile nilikiweka cha mwisho. Nilikimaliza usiku wa kuamkia safari yangu, barazani, kwa taa ya simu. Mama alikuwa amebashiri, unakumbuka ubashiri wake haukosi, kwamba kijana atarudi lakini atamkuta msichana ameshaolewa. Amekosea. Anarudi, anamkuta anafua uani, wanatazamana, kinaisha hapo. Sijui kama angefurahi au angesema mwandishi amedanganya. Nilikaa pale mpaka adhana.

Kasha nimelifunga kwa kamba na funguo ziko kwa jirani wa mwembeni. Vingine vyote vimo. Hicho chembamba ninacho mkobani, na ukili wake nimeurudisha mahali pake.

Kwenye ukurasa huo, tulipokatishwa, kuna neno. Siku ile, muda mfupi kabla hujaingia, aliniomba penseli nikampa, nikamshikia kitabu akaandika, mkono unatetemeka. Sikutazama, nilikuwa nafukuza nzi. Ni neno la mwisho aliloandika. Linaanza na *u*, katikati limepanda juu ya maandishi ya chapa, na mwisho kuna mstari tu unaokwenda mpaka ukingoni. Nimeliweka juani, nimelitazama kwa miwani na bila miwani. Mara naona *uongo*, mara *uchungu*, mara naona kama anaandika jina la mtu. Siwezi kulisoma. Enzi zile daftari lake la ngumbaro wewe ndiye uliyekuwa unalisoma, hata mwalimu wake alipokuwa ameshindwa.

Likizo ya Aprili nitakuwa Tanga kuanzia Ijumaa ya kwanza. Kutoka Mombasa ukipanda basi la alfajiri unafika kabla ya chakula cha mchana. Njoo ulisome.

Mdogo wako